Kipande cha Msonobari

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalimpata mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja, nami nilikuwa naishi kwake wakati huo, chumba cha nyuma, baada ya ndoa yangu kunishinda. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya. Niliyoyanusa bado yamo puani, na nimeshapiga chafya mpaka nimechoka.

Mumewe, shemeji yangu, siku za kazi alikaa ofisini akipitia ankara za maji. Jumamosi ikifika anavaa aproni na miwani ya plastiki, anajifungia kwenye banda la gari. Mtaani walimwita Fundi Jumamosi. Gari lenyewe lililala nje likinyeshewa, kwa sababu bandani mlikuwa na mashine mbili alizozipenda kuliko ndugu zake. Moja ni msumeno wa umeme wenye waya mwembamba wa meno, unaopanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Anatoboa kitundu kwenye ubao, anapitisha waya, anaanza kuuzungusha ubao taratibu, na hutoka ua, herufi, au sura ya mtu. Nyingine ni ya leza, sanduku lenye kifuniko cha kioo. Mwanga wake unachoma picha juu ya ubao mpaka unaziona kope.

Kazi yake ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Ila vumbi! "Shemeji," namwambia, "unga wa mbao zako umeingia mpaka kwenye chumvi."

"Bi Sabuni, huo ni unga safi, tule tu," ananijibu. Bi Sabuni ndilo jina alilonipa, maana nafua hata kisichochafuka.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, na nasikia wapenda kazi hiyo wote wanao: hawezi kupita ubao uliotupwa. Ataushika, ataugonga, ataunusa, mwisho utauona umeegemezwa ukutani kwako. Sasa nyumba ya kona alikuwepo bibi mmoja aliyepooza. Wanawe walipochoka kuanika godoro waliliondoa, wakamlaza juu ya ubao mtupu. Watu wazima na akili zao! Siku moja niliitwa kusaidia kumgeuza. Tulipomwinua mgongo uligoma kutoka, kisha ukatoka, na ngozi ikabaki pale. Vile vidonda vya kulalia, na ule uvundo, niliondoka nao kwenye nguo na nguo nikaichoma. Bibi alipofariki walimzika asubuhi. Jioni ubao uko barabarani.

Jumamosi iliyofuata nikaukuta bandani kwetu.

"Shemeji, hapana. Huo nimeuona ulivyokuwa. Mtu ameozea juu yake akiwa hai."

"Mti mgumu huu, siku hizi haupatikani. Nikiupiga randa, yote yanaondoka."

"Rudisha ulikoutoa."

"Sshh. Nataka kumtengenezea mdogo wako zawadi, usiniharibie."

Zawadi yenyewe ilikuwa picha ya mdogo wangu, iliyochomwa kwa leza, halafu ikatwe vipande vya kubomoa na kupanga upya. Kila kipande kina kichwa na shimo, kichwa cha huyu kinaingia kwenye shimo la yule. Nikasema asiyesikia la mkuu, nikaenda kufua. Lakini nilipopita na beseni niliona randa inavyotoa. Maranda ya mti huwa makavu, yanavunjika. Haya yalikuwa laini, yanajikunja yakiwa na unyevu, kama utando wa juu ya maziwa. Nikatema mate.

Leza ilipoanza kuchoma, moshi haukunuka mbao. Ulinuka nywele na kucha. Nyuma yake kukaja harufu ya mafuta ya kukaanga, nzito, ile ya kukufanya ujue unameza kitu. Kioo cha mashine kikapata ukungu wa njano. Shemeji akakifuta kwa kitambaa, akasema ni utomvu. Picha ilitoka safi, mdogo wangu anatabasamu mpaka vishimo vya mashavu vinaonekana. Kipande cha kwanza alijaribu kukikata kwa leza hiyo hiyo. Kikashika moto, kikadondoka chini ya wavu, na pale kikawaka polepole kama utambi mpaka kikaisha. Vilivyobaki akavikata kwa msumeno.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu akaniita bafuni.

"Dada, hebu niangalie mgongo. Unawasha."

Chini ya bega la kushoto palikuwa na kidonda. Kingo zake nyeusi, zimeungua. Ndani pekundu, pana majimaji. Na kuanzia hapo, mgongo mzima, zilipita nyufa nyembamba zenye usaha, zimepinda, zimezunguka. Nikadhani upele. Nikazifuata kwa macho. Kichwa. Shimo. Kichwa. Shimo.

Nikamfunika kanga, nikamwita shemeji tumpeleke hospitali.

Hospitali daktari aliniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, "Mgonjwa wenu amelala kitandani muda gani?" Nikamwambia juzi tu alikuwa sokoni, ametembea kwenda na kurudi. Hakuniamini. Alinitazama kama mimi ni mmoja wa wana wa yule bibi wa kona. Akasema vidonda hivi ni vya mtu asiyegeuzwa, na vikifika kwenye mfupa tusije tukalaumiana. Tukarudi nyumbani na dawa ya kupaka. Usiku wa pili mdogo wangu hakuweza tena kulala chali. Wa tatu hakuweza kukaa. Nilibadili shuka mpaka shuka zikaisha, na kila shuka ilikuwa na ule uvundo. Niliujua. Nilishawahi kuuchoma pamoja na nguo yangu.

Mchana wake nikaingia bandani. Vipande vilikuwa kwenye beseni, shemeji alikuwa hajavigusa tangu mkewe augue. Chini ya beseni pamelowa. Nikachukua kimoja. Kilikuwa cha uvuguvugu. Juu kigumu, upande wa chini kinabonyea, na nilipotaka kukiweka kikakatalia kwenye kiganja. Nikakibandua kwa kucha, nikakirudisha kwenye beseni. Halafu nikamwita shemeji.

"Vipange," nikamwambia. "Vyote. Sasa hivi."

Akataka kubisha. Aliponiona uso, akaacha.

Waya wa msumeno hula mbao kidogo kila unapopita, kwa hiyo vipande vya namna hii siku zote hulegea. Hivi havikulegea. Aliweka cha kwanza na cha pili. Vikanyonyana. Sauti ya mtu anayefyonza jino. Mstari kati yake ukatoa majimaji, ukafanya gamba, ukapotea.

Kutoka chumbani mdogo wangu akaita, "Dada! Kimefunga! Kimoja kimefunga!"

Shemeji alilia huku anapanga. Mikono inateleza. Gundi hakuna, tone hata moja. Kila kinachoingia, chumbani mtu anashusha pumzi. Picha ikarudi. Paji, macho, vishimo vya mashavu. Kisha vikaisha. Pembeni, chini, pakabaki tundu moja. Lile la kilichoungua.

Nikakimbia chumbani, shemeji nyuma yangu. Mgongo wote ulikuwa umefunga, makovu tu. Isipokuwa chini ya bega. Pale palikuwa wazi. Panapumua. Ndani, mbali kidogo, niliona cheupe.

"Bado kimoja," nikamnong'oneza shemeji mlangoni.

"Nitakata kingine."

"Kwa ubao gani? Ule umekwisha."

"Msonobari ninao. Mpya, msafi kabisa."

"Shemeji, subiri. Tufikiri kwanza."

Fundi hasubiri. Ukimwonyesha tundu anatafuta cha kuzibia, ndivyo alivyozoea. Akarudi bandani, akalalisha karatasi juu ya tundu la picha, akachora umbo, akawasha msumeno. Kikatoka cheupe, kinanukia vizuri. Nakiri nilifarijika kunusa kitu kisafi. Akakiweka. Kikavutwa ndani kabla hajakibonyeza.

Tukakimbilia chumbani.

Tulimkuta amelala chali, anakoroma, mara ya kwanza baada ya siku hizo zote. Tukaufukia ubao makaburini, miguuni pa yule bibi, picha ikitazama juu. Shemeji akauza mashine zote mbili kwa mtu wa mbali, akafagia banda, gari likaingia ndani. Hata kijiti cha kiberiti siku hizi hakivunji.

Mdogo wangu mzima. Anacheka, anapika, anagombana na mimi. Chini ya bega ana kovu jeupe lenye kichwa kimoja na shimo moja, na mistari myembamba iliyolala upande mmoja kama ya mbao. Daktari alisema makovu yana mambo. Wakati wa mvua linafura, zipu inakataa kupita, naye ananiomba nimsugue na msasa laini. Namsugua. Nafunga pua na mdomo kwa kitambaa, lakini namsugua, ni damu yangu.

Tangu mwezi uliopita nikikung'uta shuka yake asubuhi, unadondoka unga. Mweupe, laini, kirundo kidogo pale inapogusa bega. "Unga wa mume wangu hauishi humu ndani," anasema na kucheka. Jana alipolala kifudifudi mchana, nilimfunua nguo. Kwenye lile kovu kuna vitundu, kila kimoja cha mviringo kama cha sindano, vile dumuzi wanavyotoboa mbao. Nikasogeza sikio.

Wanatafuna. Na wanatafuna kuelekea ndani.