Mwiko wa Dawa ya Baba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Suhaila aliinjika sufuria ya mizizi. Maji yakishakuwa meusi, alimchujia baba yake, Bakar, mchuma karafuu wa Vitongoji, Pemba, aliyeugua homa ya ini. Dawa za hospitali Baba alizimeza pia. Hata hivyo macho yake yalizidi kuwa manjano, na nguo zote zikampwaya.

"Usimwambie ntu," Baba alimwonya. "Fundi wa uganga kasema dawa hii ikitajwa, inakufa. Na mimi n'takufa nayo."

Suhaila akaapa.

Likizo ilipofika walivuka hadi hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam. Baba aliogopa sindano ya kunyofoa kipande cha ini, lakini Daktari Rahma alimtuliza. "Hatukutoboi, Mzee Bakar." Alilazwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku. Kifaa alichofungwa juu ya ini kikamtikisa kidogokidogo. Ini lenye makovu huwa gumu, na mtikisiko hupita humo kwa kasi zaidi, na mashine huipima kasi hiyo.

Baba alitoka anacheka, hakumwaga hata tone la damu. Kicheko kilimkauka daktari alipofungua picha.

"Makovu ni mengi, tena yamekuja haraka mno. Kuna kitu kingine unakitumia?"

"Hakuna, Daktari."

Moyo ulimwenda mbio Suhaila. Akisema, amemuua baba yake. Asiposema, je? Machozi yakamtangulia.

"Anakunywa mizizi, Daktari. Mimi ndiye ninayeichemsha, kila siku."

"Suhaila!" Baba alifoka. "Wataka nife?"

Daktari hakumcheka. "Ipo mizizi inayounguza ini, Mzee, na hiyo yako naishuku sana. Iache leo hii. Makovu mengine hayatafutika, siwadanganyi. Sehemu iliyosalia ndiyo tutakayoipigania."

Baba hakusema na bintiye njia nzima ya kurudi Pemba. Lakini mizizi aliitupa.

Miezi ikapita, kipimo kikarudiwa. Makovu hayakuongezeka, ingawa Baba hakuwa tena na nguvu za kupanda mkarafuu.

"Mashine huonyesha kovu," Daktari Rahma alimwambia Suhaila. "Kilicholileta hakijulikani mpaka mtu aseme kweli. Siri inayomdhuru mtu usiifiche, hata ukiapishwa."

Baba aliinamisha kichwa. "Nlikufunza kunyamaza, mwanangu," alisema. "Ungenitii, ungenizika."