Shehena ya Tumbosal

Lori jeupe la Scania lilitoka Njombe asubuhi, maboksi ya parachichi juu, sumu chini.

Xaveri Haule, mpelelezi wa siri, alikanyaga mafuta kulifukuza. Gari lake, Hilux, likanguruma ndani ya ukungu. Tumbo lake liliungua kama limemwagiwa maji ya betri.

Sababu aliijua. Ili Lorenz, raia wa kigeni aliyeongoza genge, amwamini, juzi aliinywa Tumbosal, dawa waliyoiuza, mbele yake. Chupa nzima. Akatabasamu.

Simu ikaita. Dokta Getruda, mtaalamu wa maabara ya idara ya upelelezi.

"Uko wapi?"

"Nakaribia Lyamkena. Lete majibu."

"Tumbosal si dawa ya vidonda vya tumbo, kaka Xaveri. Utando wa ndani ya tumbo haudumu. Kila baada ya siku chache seli za juu zinakufa na kupukutika. Chini yake, kwenye vishimo vidogo sana, kuna seli mama. Hizo zinazaa seli changa, na seli changa zinapanda mpaka juu, zinaziba pengo. Nyingine zinashuka chini zaidi, zinakaa huko muda mrefu zikitengeneza asidi."

"Na Tumbosal?"

"Inaua seli mama. Mwanzoni mgonjwa anapata nafuu, maana inatuliza maumivu. Halafu za juu zinapukutika kama kawaida, na hakuna zinazopanda."

Xaveri akabadilisha gia.

"Ulikunywa kiasi gani?"

"Kidogo."

"Nani yuko nawe?"

"Hakuna mtu."

Hilo halikuwa jambo geni. Kazi yake ilikuwa siri; hata dada yake Dafroza, kijijini Lupingu, alidhani kaka yake anauza vipuri Dar.

Lori likatokea mbele.

Xaveri akalipita, akakata usukani, akaziba barabara. Breki zikalia. Dereva akaruka, akakimbilia kwenye shamba la mahindi. Lorenz akashuka upande wa pili, bastola mkononi.

Risasi ikapasua kioo.

Xaveri alikuwa tayari mtaroni. Akatapika. Damu.

"Haule," Lorenz aliita kwa Kiswahili safi. "Niache nipite. Nina dawa ya kukuponya. Nilikuchunguza. Huna mke, huna rafiki. Ukifa hapa, nani atakulilia?"

Swali lilimwingia.

Lakini shehena ile ilikuwa inakwenda kwenye maduka ya watu wenye wake, waume na watoto.

Akanyanyua bastola yake ya Glock, akafyatua mara moja. Bastola ya Lorenz ikaruka pamoja na kidole.

"Iko wapi hiyo dawa?" Xaveri aliuliza, akimfunga pingu.

Lorenz akatazama chini. Haikuwepo.

"Mkuu," Xaveri alimwambia bosi wake redioni. "Shehena imekamatwa. Lorenz pia."

"Na wewe?"

"Niko sawa."

Hospitalini, daktari wa tumbo alimpitishia mpira wenye kamera kooni, akakata vipande vidogo vya nyama ya tumbo, na Getruda akavikagua kwa hadubini.

"Seli mama nyingi zimekufa," alisema. "Ila kwenye vishimo vingine zimebaki hai, na zinazaa. Nimeziona changa ziko njiani kupanda. Utapona, lakini taratibu. Uji mwepesi tu. Una mtu wa kukupikia?"

"Yupo."



Sokoni Makambako, mama mmoja alishika kopo ili ampimie Xaveri unga wa ulezi.

"Kamwene," alimsalimu kwa Kibena. "Nikuwekee wa watu wangapi?"

"Mmoja, mama."

Akapokea mfuko, akainua kola ya koti dhidi ya baridi, akatembea bila haraka mpaka umati ukamfunika.