Rangi ya Kucha kwenye Propela

Ijulikane kwa wakazi wote wa Sumbawanga, wa mjini na wa mashambani, walio macho na wanaosinzia ibadani, kwamba haya ndiyo mapenzi makuu kuliko yote yaliyowahi kutokea katika nyanda za juu za Ufipa. Yalianza siku ya Ijumaa, mchana, mbele ya soko kuu, kwa gari kuzimika.

Halikuzimika kwa heshima. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi juu ya nyanya za watu, likasimama katikati ya barabara. Lilikuwa mkonga, gari lile refu la kupandia milima, lenye bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele kama pua ya tembo. Umri wake ulizidi wa dereva. Dereva alikuwa Otilia, miaka ishirini na sita, kavaa sweta ya marehemu baba yake iliyomfika mapajani, kitenge cha njano na mabuti ya mvua, ingawa Juni huku haina mvua, ina upepo wa kukata masikio.

"Dada, toa hilo kabati barabarani!" kondakta wa basi lililokuwa nyuma alipiga kelele.

"Shuka ulitoe wewe, mwenye misuli ya mdomo!"

Ndipo akatokea kijana mmoja mwembamba, kanzu nyeupe imepigwa pasi hadi inameta, kofia ya mkono kichwani, yuko njiani kwenda msikitini. Hakusalimia. Aliomba spana kubwa, akalala chali kwenye vumbi, akaingia chini ya gari. Ko, ko, ko.

"Washa!"

Mkonga ukanguruma. Kijana alitoka na doa jeusi kifuani, kubwa kama chapati.

"Jamani kaka, kanzu yako!"

"Kanzu itafuliwa. Stata yako ndiyo haifuliki. Utaigonga kila siku?"

"Ikibidi nitaigonga."

"Itakuzoea, dada. Itaanza kudai kipigo kikubwa zaidi." Akajipangusa mikono. "Naitwa Faruk. Gereji yangu iko nyuma ya mashine ya kukoboa, Majengo. Njoo kabla haijakuzoea."

Faruk alikuwa mtoto wa watu wenye maduka ya vitambaa na malori mawili. Baba yake alimtaka akae nyuma ya kaunta, apime mita za kitambaa, anukie udi. Yeye akachagua kulala chini ya magari ya watu na kunuka dizeli. Tangu Ramadhani baba yake alikuwa hamsemeshi mezani, anamwambia mama: "Mwambie huyo fundi anipe chumvi."

Otilia naye alikuwa na vita yake. Mkonga ndio kitu pekee alichoachiwa na baba yake, na alitaka kuutumia kupandisha mpunga kutoka Muze, kule bondeni, hadi mjini. Baba yake mkubwa, mzee Kasimiri, alikuja kutoka Mwazye makusudi kumwambia kwamba gari hilo ni chuma chakavu na mteja ameshapatikana.

"Gari haliuzwi, baba mkubwa."

"Basi lipandishe mlima wa Muze na magunia manane. Bila kusukumwa, bila kuvutwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Likishindwa, wenye chuma wanalichukua siku hiyohiyo."

"Na likiweza?"

"Likiweza, nitanyamaza."

"Hicho tu ndicho ninachokitaka."

Nyumbani pale Chanji, Otilia aliishi na mdogo wake, Sharon, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, msichana mwenye akili nyingi na adabu isiyo na mfano, ambaye hatuna haja ya kumzungumzia zaidi.

Sasa, kila mwenye gari mjini hapa anajua kwamba gari likiingia gereji, na mwenyewe huingia nalo. Ukienda zako, unaacha nozeli nzima unakuta nozeli ya marehemu. Kwa hiyo Jumatatu Otilia alifika Majengo na kigoda, chupa ya chai, na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu kama pilipili. Kila kifaa kilichofunguliwa alikipaka nukta moja.

Faruk alimtazama akipaka stata. "Unaipeleka harusini?"

"Naiwekea alama. Nisije nikarudishiwa ya mwingine."

"Kwa hiyo mimi mwizi."

"Sijasema wewe. Nasema mafundi."

"Hapa fundi ni nani mwingine?"

"Haya, jibu mwenyewe."

Faruk alicheka hadi akaangusha spana. Kisha akaketi juu ya tairi kumweleza mpango, maana fedha ya Otilia ilikuwa ya magunia mawili ya ulezi na si zaidi. "Sikiliza, mama mkonga. Tunatengeneza kwanza kinachoweza kukuua. Halafu kinachoweza kukuaibisha. Kinachokukera tu, utakizoea."

Breki zikaja kwanza. Halafu stata, ikafunguliwa na kuwekewa makaa mapya, vile vijiti vya kupitishia umeme. Rejeta likachomelewa matundu matatu. Bushi za springi Faruk alizichonga kwa kisu kutoka kwenye tairi la lori, na gasketi moja aliikata kwenye jalada la daftari. Mlango wa dereva, uliofunguka kwa nje tu, uliachwa kwenye orodha ya vya kuzoewa.

Siku zikapita hivyo, yeye chini ya gari, Otilia juu ya kigoda, mihogo ya kukaanga katikati yao kwenye gazeti. Siku ya tatu Otilia alikuja na kitenge kipya. Siku ya nne Faruk alikuja kachana nywele, jambo lililowashtua hata wateja. Na jioni simu hazikukatika.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Sasa anayeongea ni nani?"

"Stata. Niambie, mpenzi wa vyuma."

"Leo umeniita mpenzi."

"Wa vyuma, nimesema. Usikate maneno yangu kama gasketi."

"Otilia, mimi kwetu wakijua itakuwa vita."

"Na kwetu je? Paroko atanihubiria wiki nzima. Wewe umeogopa?"

"Baba yangu hanisemeshi tangu Ramadhani. Nimebakiza nini cha kuogopa?"

Ilibaki kazi moja, propela ya mbele, ule mtaimbo mnene unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele. Bila huo, mkonga ni gari la kawaida tu lenye majivuno. Faruk aliushusha Jumanne ya wiki iliyofuata, Otilia akaupaka nukta yake, ukawekwa rafuni kusubiri krosi mpya, kile kiungo cha nchani. Kando yake ulikuwepo mwingine unaofanana nao, wa mkonga mbovu uliotelekezwa pale.

Alhamisi asubuhi Otilia aliukuta ukiwa tayari umefungwa kwenye gari. Aliinama, akatazama. Hakuna nukta.

Akachungulia tena kwa tochi ya simu. Hakuna.

"Faruk. Umenibadilishia."

"Nimekubadilishia nini?"

"Propela. Yangu ina alama. Hii haina."

"Ni yako. Nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe."

"Alama iko wapi?"

"Sijui alama iko wapi! Mimi nafunga vyuma, sifungi kucha."

Wateja wawili walisogea kusikiliza. Fundi anaweza kuitwa mlevi, anaweza kuitwa mwongo wa tarehe, akacheka. Hilo jingine halichekeki. Faruk alikaza nati ya mwisho, akapangusa funguo za gari kwa kitambaa, akazishika mbele yake.

"Kazi imekwisha. Sitaki hata senti ya ufundi. Chukua gari lako."

"Nachukua. Na nitapanda mlima nalo hivyohivyo, na propela yako ya wizi."

"Panda."

"Napanda!"

Siku tisa simu hazikulia. Otilia alifua mabuti ambayo hayakuwa machafu. Faruk alirudishia injini ya mteja akabaki na bolti mbili mkononi, ikabidi aifungue upya.

Jumamosi ikafika. Otilia alishuka Muze peke yake, akapakia magunia manane ya mpunga, akageuza pua kuelekea mlimani. Joto la bonde lilimfanya avue sweta. Mkonga ulipanda kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kona ya nne, penye changarawe nyingi, magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba. Akavuta ile gia fupi ya kuyaamsha ya mbele. Hayakuamka. Gari likateleza nyuma nusu mita, kulia kwake bonde zima limetandazwa.

Alikanyaga breki. Breki zikashika. Akachukua simu, akaiweka spika juu ya dashibodi.

"Mwizi wewe!"

"Na wewe habari za asubuhi," sauti ya Faruk ilijibu. "Uko kona ya ngapi?"

"Ya nne! Magurudumu ya mbele hayavuti! Propela yako ya marehemu..."

"Otilia. Umefunga habu?"

"Habu gani?"

"Vile vifundo vya katikati ya magurudumu ya mbele. Vinazungushwa kwa mkono kabla ya kupanda. Umevizungusha?"

"Hukuniambia."

"Ningekuambia Alhamisi ile. Ulikuwa unanitukana."

"Ungenipigia!"

"Ungepokea?"

"Nisingepokea," alisema Otilia, akavuta hendibreki, akatoa mkono dirishani kufungua mlango kwa nje, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akazungusha habu ya kushoto, akazungusha ya kulia. Alirudi amejaa vumbi hadi kwenye kope. Akavuta gia. Akaachia klachi polepole. Mkonga ulitetemeka, ukauma changarawe kwa magurudumu yote manne, ukapanda.

"Unapanda! Faruk, unapanda!"

"Nasikia. Usibadilishe gia. Mbembeleze."

"Faruk."

"Nipo."

"Sijui alama ilikwenda wapi. Na sitaki kujua tena. Ukisema ni propela yangu, ni yangu."

Mkonga ulimaliza kona ya nne.

"Rudia, mtandao ulikata."

"Haukukata, mwongo mkubwa. Umesikia."

"Nimesikia, kipenzi. Nilitaka mara ya pili."

"Uko wapi?"

"Hapa juu. Ntendo. Nimekuja kununua mkaa."

"Nakujua. Umebeba kamba ya kuvutia gari na jeki mbili?"

"Mkaa wa huku mzito."

Alikuwepo kweli, kasimama kando ya barabara na koti la upepo, amekuwepo tangu alfajiri. Hatua kumi kutoka kwake alisimama mzee Kasimiri na fimbo yake, naye amekuwepo tangu alfajiri, na hawakuwa wamesemeshana. Otilia alizima injini mbele yao, akaiwasha tena papo hapo, bila kuigonga stata, kwa dharau tu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Limefika," mzee alisema, kama mtu anayeng'olewa jino. Akamwelekezea Faruk fimbo. "Na huyu?"

"Huyu ni fundi wangu. Na ni mchumba wangu, akikubali."

"Nimekubali," Faruk alisema haraka.

"Si wa dini yetu huyu."

"Ulisema likipanda utanyamaza, baba mkubwa."

"Nilisema juu ya gari!"

"Mimi nilisikia kunyamaza tu. Kwao nako wamenuna. Nuneni wote, mkinyoosha nyuso mtatukuta."

Mzee Kasimiri alikwenda nyuma ya gari kuhakikisha hajaibiwa ushindi. Akafungua mlango, akahesabu magunia kwa fimbo. "Sita. Saba. Nane." Fimbo ikagota kitu laini chini ya turubai. "Tisa?"

Gunia la tisa lilikuwa na soksi za shule.

Basi. Msimulizi wenu, aliyejua kila kitu, hata simu za watu, ni mimi. Nilijificha humo tangu mjini. Muze nilitoka wakati dada anatafuta wapakiaji, nikarudi walipokwenda kunywa maji.

"Sharon!" dada alipiga kelele. "Unafanya nini humo?"

Ningeweza kusema nilitaka kuona Muze. Ningechapwa maneno mawili na yangekwisha, kwa maana hakuna aliyeniuliza kingine. Lakini Faruk alininyooshea mkono nishuke, akanipangusa makapi ya mpunga begani, akasema, "Karibu Ntendo, shemeji." Sikuwa nimewahi kuitwa hivyo na mtu niliyemkosea.

"Ni mimi niliyefuta alama," nikasema. "Jumatano, kule gereji, mlipofuata mihogo. Kwa thina ya kuondolea rangi."



"Kwa nini?" dada aliuliza, taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Nilisema rangi ilikuwa yangu, niliinunua kwa ajili ya likizo, naye akaimalizia kwenye gia boksi. Ilikuwa kweli. Wote watatu waliendelea kunitazama, hata baba mkubwa, kwa hiyo nikasema na lile jingine: kwamba tangu baba afe tunalala kitanda kimoja, na dada alikuwa ananisimulia siku yake yote hadi nipitiwe na usingizi, na tangu Ijumaa ile ya kanzu alikuwa anageukia ukutani na simu. Nilitaka wagombane siku moja tu, anigeukie mimi. Sikujua kwamba watu wazima wanaweza kununa siku tisa. Siku zote tisa alilala kageukia ukutani vilevile, bila simu, na mimi nilikuwa macho.