Upande wa Pili wa Santuri

Umeme ulikatika Moroni saa saba na robo mchana. Feni ikasimama, redio ya jirani ikanyamaza, lakini santuri ya Saïndou iliendelea kuzunguka. Haikupunguza kasi hata kidogo. Saïndou aliitazama akiwa ameegemea kitini, miguu juu ya stuli, akajiambia kwamba huenda umeme umekatika mtaa wa pili tu. Feni iliyosimama ilikuwa juu ya kichwa chake. Mtu mzima akianza kujidanganya hivyo, ujue moyo wake umeshaona kitu.

Aliinua mkono wa sindano mwenyewe. Santuri ikazunguka mara tatu zaidi, kimya, ndipo ikatulia. Chumba kizima kilinuka udi uliochanganyika na nywele zilizoungua.

Huyu Saïndou alikuwa karani serikalini, mtu wa miaka arobaini na minane, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya mkewe, Anziza, lakini chumba cha mbele alikuwa ameachiwa, na humo alipanga santuri zake ukuta hadi ukuta: taarabu za Unguja, rumba za Kongo, waimbaji wa Misri, ngoma za Madagaska. Jioni wenzake walikwenda uwanjani kucheza karata na kusengenya. Yeye alifuta vumbi kwa kitambaa cha flana. Hakuazimisha mtu. Akipata nakala mbili za santuri moja, ya pili aliivunja gotini ili mwingine asiwe nayo.

Na alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko zote. Kila santuri aliipiga upande wa kwanza tu. Upande wa pili hakuugusa maisha yake yote, aliuita bikira, na wageni wachache aliowaruhusu kuingia aliwaonyesha upande huo dirishani, weusi wake uking'aa. Aliona fahari kumiliki nyimbo ambazo hata yeye hajawahi kuzisikia. Hebu niambie kama hiyo ni akili.

Santuri iliyogoma kusimama ilitoka Mutsamudu, kisiwani Nzwani. Mwenyewe alikuwa Koko Sittou, bibi mmoja wa wale Wangazija na Wanzwani waliorudishwa kutoka Majunga, Madagaska, mwaka 1977, baada ya ndugu zao kuuawa kule. Alishuka na sanduku moja, na ndani yake santuri hii ndogo, iliyorekodiwa kwenye ngoma ya trumba, yale majini ya Kibuki, ya watu wa Madagaska, ambayo humpanda mtu kichwani na kusema kwa kinywa chake. Upande wa kwanza ulikuwa wimbo wa kumwita jini. Upande wa pili ulikuwa wimbo wa kumshusha.

"Siiuzi," Koko Sittou alimwambia. "Na hii haipigwi kwa starehe, mwanangu. Ukimwita mgeni, umsindikize. Pande zote mbili, papo hapo, bila kuinuka."

Saïndou aliitikia kwa adabu, akanywa chai yake, akarudi Moroni hana usingizi. Alikwenda tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu bibi hakumfungulia mlango.

Basi hiyo ilikuwa miaka ya mamluki. Wale Wazungu waliotua ufukweni mwaka 1978 na kupindua serikali ya vijana walikuwa wamebaki na bunduki zao, na watu walijifunza kushusha sauti wanapopita. Mmoja wao, luteni mwenye ndevu nyekundu, alipenda rumba, akawa anakuja kwa Saïndou kusikiliza. Alasiri moja Saïndou, huku akifuta santuri taratibu, alimwambia kwamba Mutsamudu kuna bibi anaficha bunduki za vijana wa mapinduzi. Alimtajia mtaa. Alimtajia na rangi ya mlango.

"Mkipekua mkakuta santuri, mniletee," alisema. "Bunduki ni zenu."

Luteni alicheka sana.

Baada ya wiki mbili santuri ililetwa imefungwa kwenye gazeti. Saïndou hakuuliza habari za bibi. Alikagua upande wa kwanza, akaukuta safi. Upande wa pili ulikuwa na mkwaruzo mzito katikati, wa msumari wa buti. Roho ilimuuma kidogo, kisha ikapoa, maana upande huo hakukusudia kuupiga. Akaweka upande wa kwanza, akasikiliza mpaka mwisho, akairudia, na akairudia tena siku iliyofuata, hadi siku ile umeme ulipokatika na santuri ikaendelea peke yake.

Jini hakumwendea Saïndou. Alimwendea Djaouharia.

Djaouharia alikuwa mtoto wake wa pekee, miaka kumi na tisa, amechumbiwa na Rachadi, mwalimu wa Ntsoudjini, na arusi ilikuwa imepangwa baada ya Ramadhani. Kama kulikuwa na kitu hai ambacho Saïndou alikipenda, ni binti huyo. Siku ile ya umeme, Anziza alimkuta uani akilizunguka birika la maji, hatua sawasawa, macho wazi, ufagio mkononi. Alipoulizwa anafanya nini, alisema anafagia. Ufagio haukugusa chini.

Kesho yake, wakipika, alisema, "Mama, chumvi ime, chumvi ime, chumvi ime, chumvi ime," bila kuvuta pumzi, bila kubadili sauti hata chembe, mpaka Anziza alipomshika bega na kumtikisa. "Imekwisha," akamalizia, akaendelea kumenya muhogo. Hakujua kama amesema zaidi ya mara moja.

Siku ya tatu, mji ukiwa umelala baada ya sala ya adhuhuri, Anziza alisikia mchakacho mwembamba, ule mchakacho wa sindano kabla wimbo haujaanza, na kwa kuwa alikuwa amezoea mambo ya mumewe hakushtuka, akageuka upande wa pili wa kitanda, mpaka alipokumbuka kwamba mumewe yuko kazini na chumba cha mbele kimefungwa kwa ufunguo, ndipo akainuka, akaufuata mchakacho pekupeku kupita jikoni, kupita ukumbini, hadi mkekani kwa Djaouharia, akamkuta amelala chali, kinywa wazi, ulimi umetulia, na mchakacho ukitoka humo ndani pamoja na harufu ya nywele zilizoungua.

Saïndou aliporudi, mkewe alimvutia nyuma ya mlango.

"Umemleta nani ndani ya nyumba yangu?" alimnong'oneza.

"Sema polepole. Wakwe wakisikia, arusi hakuna."

"Nakuuliza umemleta nani."

"Mtoto ana homa tu, Anziza."

Kutoka mkekani mzee mmoja alikohoa. Ndani ya nyumba hiyo hapakuwa na mzee. Djaouharia alikuwa amekaa kitako, mikono juu ya magoti kama wakaavyo wazee barazani, na kwa sauti nzito ya kiume akaomba asali, akaomba shuka jeupe, akaomba kwa Kibuki kitu ambacho wao wawili hawakukielewa. Kisha akamwelekea Saïndou na kumchekea.

Walimwita Fundi Mouridi kutoka Vouvouni, aliyesomea watu wenye majini tangu ujana wake. Alifika na Kurani yake na chupa ya maji ya waridi, akasoma kutwa nzima, na jini alimsikiliza kwa heshima zote. Mwisho fundi alifunga kitabu.

"Huyu hakuvamia," alisema. "Ameitwa. Anasema kila siku anaitwa, na hakuna anayemsindikiza. Uko wapi wimbo wake?"

Saïndou alikwenda kuileta santuri. Aliigeuza, na naomba nisimwonee, safari hii hakuuwazia ubikira wa upande wa pili. Alimpenda mwanawe. Aliweka sindano.

Wimbo wa kumshusha ulikuwa mpole, sauti za wanawake peke yao na makofi. Shingo ya Djaouharia ililegea, rangi ikamrudia mashavuni, machozi yakamtoka, akasema, "Baba," kwa sauti yake mwenyewe, na Anziza akaanza kumshukuru Mungu, na hapo hapo sindano ikafika kwenye mkwaruzo wa buti, ikaruka, ikarudi nyuma mistari kadhaa, na kichwa cha msichana kikarushwa nyuma kwa nguvu hadi mifupa ikalia, kisha wimbo ukaendelea, shingo ikalegea, akasema, "Baba," sindano ikaruka, kichwa kikarushwa, akasema, "Baba," na kila mara ilikuwa ni yeye kweli, alitoka kweli, aliwaona kweli, na kila mara alirudishwa, na Saïndou alisimama mdomo wazi akishindwa kuamua kama kuinua sindano ni kumwokoa au kumfungia ndani.

Fundi ndiye aliyeinua.

"Nusu ya wimbo haimtoi," alisema. "Mtafute anayeujua wote."

Saïndou alipanda ndege ndogo ya asubuhi hadi Nzwani. Njia nzima alimwomba Mungu bibi awe hai, yeye ambaye hakuwahi kuuliza.

Alikuwa hai. Alikaa kwenye kibago nyuma ya ule mlango, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, maana kitako cha bunduki kilikuwa kimemvunja taya na lilikuwa limeunga upande. Meno ya mbele hayakuwepo.

"Kwezi, koko," Saïndou alimsalimu kwa heshima, ameinama.

"Mbona," bibi aliitikia, ndiyo marahaba ya kwao.

Alimweleza habari za binti. Akamwonyesha santuri. Koko Sittou aliipokea, akapitisha kidole juu ya mkwaruzo.

"Umeipata wapi?"

"Niliinunua kwa askari mmoja, koko. Sikujua ni yako."

"Hukujua."

"Wallahi sikujua."

Bibi aliiweka santuri kando. "Walipekua kutwa," alisema, maneno yakimtoka kwa taabu. "Bunduki hawakuipata. Nani aliwaleta kwangu?"

Hapo Saïndou alipewa nafasi. Angeweza kusema. Alifikiria majirani walio upande wa pili wa ukuta, alifikiria aibu, akamfikiria na luteni.

"Mungu ndiye ajuaye," alisema.

"Basi tumwachie Mungu." Koko Sittou alivuta sinia, akalipindua mapajani kama ngoma. "Kuimba siwezi tena. Nitakutajia maneno, utaimba mwenyewe. Nusu ya kwanza umeisikia. Hii ndiyo iliyobaki."

Alikaa naye siku tatu. Bibi alipiga sinia kwa vidole, akamtajia maneno ya Kibuki kipande kwa kipande, naye Saïndou akayarudia, yeye aliyesikiliza nyimbo miaka thelathini na hajawahi kuimba hata mmoja. Nusu ya kwanza ilikuwa ile ile ya kwenye santuri, neno kwa neno. Nusu ya pili hakuwa na pa kuilinganisha.

"Maana yake nini, koko?"

"Ni maneno ya baba," alijibu. "Fundi akiyasema hayashiki. Uyaseme wewe, umemshika binti mkono wa kulia. Na wawepo wanaume wawili Waislamu, wakae, wasikie."

Saïndou alimbusu mkono. Bibi hakuuondoa.

Ijumaa baada ya alasiri walitandika mkeka ukumbini. Djaouharia alivikwa shuka jeupe aliloliomba jini. Fundi Mouridi alikaa kulia, na kushoto alikaa Bacar, kaka yake Anziza, aliyeitwa awe mwanamume wa pili. Anziza alisimama mlangoni, leso mdomoni. Saïndou aliushika mkono wa binti yake, mkavu na wa moto, akaanza.

Sauti yake ilikuwa mbaya, lakini maneno yalikuwa yenyewe. Shingo ya Djaouharia ililegea. Rangi ikamrudia. "Baba," akasema, na safari hii hapakuwa na sindano ya kuruka, hapakuwa na kitu cha kumrudisha, na Saïndou kwa furaha akapaza sauti akaingia nusu ya pili, akiyatamka maneno ya Kibuki moja baada ya jingine kama alivyofundishwa, bila kukosea hata silabi, huku machozi yakimtiririka hadi kwenye kola, na ile harufu ya nywele ikapungua, ikapungua, ikaisha kabisa, na mahali pake ikaja harufu ya asumini na manukato, harufu ya nyumba ya arusi, na vidole vya binti yake vikaanza kukaza juu ya vyake, vikakaza na kukaza, si vya mwanamke tena, mpaka neno la mwisho lilipomtoka.

Djaouharia aliinua uso. Sauti nzito ya mzee ilisema, kwa lugha ya kwao wote, taratibu, ili kila mtu asikie:

"Nimekubali kumuoa Djaouharia binti Saïndou, kwa mkono wa baba yake, mbele ya mashahidi hawa wawili."

Tasbihi ilimdondoka fundi.

"Umesema nini?" Anziza alimuuliza mumewe kutoka mlangoni. "Saïndou, umesema nini?"

Saïndou alijaribu kuutoa mkono wake, haukutoka. Fundi Mouridi alikuwa tayari anakusanya vitu vyake, Kurani chini ya kwapa, chupa ya maji ya waridi mfukoni.

"Fundi, usituache," Bacar alisema.

"Mgeni ningemtoa," fundi alijibu, bila kumtazama mtu. "Huyu sasa ni mume. Baba yake, ndiye walii, amemuoza, sisi wawili tumesikia. Na kwetu Ngazija mume huhamia nyumbani kwa mke. Nimtoe kwa haki gani?"

Alivaa viatu vyake mlangoni akaenda zake. Vidole vilivyomshika Saïndou vililegea, vikawa tena vyembamba, na kwa kitambo kifupi, kama mtu anayeruhusiwa kuaga, Djaouharia alirudi na kumtazama baba yake.

"Baba," alimuuliza kwa sauti yake mwenyewe, "umeniozesha kwa nani?"

Saïndou hakujua hata jina la mkwewe.