Gunia la Mahindi Kwenye Datsun

Rafiki yangu Lorna, tunayeuza naye mboga hapa Isiolo, hana muda wa kutunga hadithi. Ana watoto wa kulisha, kama mimi.

Mumewe, Ekitela, alikuwa akiunda Datsun ya zamani pale nyumbani aiendeshe kwenye mbio za magari za barabara ya Oldonyiro. Kiti cha kushoto kingekuwa cha Ekidor, mdogo wake Lorna aliyemlea mwenyewe, wa kumsomea dereva kona zilizo mbele. Wakati wa kurekebisha springi, Ekitela alifunga gunia la mahindi kwa mkanda kwenye kiti hicho badala ya uzito wa Ekidor, ili gari likae sawa.

Jioni ya kuamkia mbio, Lorna alitaka mahindi yake ayapike. Stima ilikuwa imepotea. Akaingia na tochi ya simu kwenye kibanda cha mabati lilimokuwa gari, akafungua mkanda, akaliburuta gunia nje ya gari. Springi zikalia, gari likainuka.

Alipofika mlangoni, springi zikalia tena, polepole, kama mtu mzito anapoketi.

"Ekidor, toka humo!" akasema bila kugeuka. "Utakaa hapo kesho mpaka uchoke."

"Niko jikoni, dada!" Ekidor akajibu kutoka ng'ambo ya ua, akicheka. "Leta mahindi, ama kesho nikimbie na njaa?"

Nyuma ya Lorna, mkanda wa kiti ukalia klik.

Lorna akageuka, akamulika. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini gari lilikuwa limelalia kushoto, na mkanda ulikuwa umekaza hewani mbele ya kiti, ukipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu anayepumua.