Gauni la Kwenda Mji wa Kale

Krrrr... tap!

Mama Kidoti alifumbua macho gizani. Hakujapambazuka bado. Sauti ile aliijua: futi ya chuma ya mumewe, ile inayojirudisha yenyewe ndani ya kopo lake.

"Baba Kidoti, unafanya nini?"

"Napima kitanda."

"Alfajiri hii?"

"Mke wa seremala, lala. Mbao zinanisumbua hata ndotoni."

Akacheka, akageukia ukutani, usingizi ukamchukua. Laiti angejua!

Mama Kidoti alikuwa fundi cherehani. Sebule yake ilijaa nguo za watu: za harusi, za ofisini, za mahafali. Binti yao alifundishwa tangu anatambaa: "Usiguse, mwanangu. Si yetu."

Siku zikapita. Jioni moja alipanda stuli kutafuta kipande cha bitana juu ya kabati, mkono ukagusa mfuko. Ndani, gauni la hariri ya kijani. Si la mteja; bila shaka mumewe amemfichia zawadi! Moyo ukamruka. Akalivaa mbio mbio, akasimama mbele ya kioo.

Furaha ikakatika kama uzi mbovu.

Kiuno kilimpwaya. Mabega yalimwagika. Pindo lilifagia sakafu. Mwenye gauni hili alikuwa mrefu, mpana, amejaa. Hakuwa yeye.

Akalivua. Simu ya mumewe, iliyoachwa ikichaji juu ya friji, ikalia. Ujumbe ukajiandika kwenye kioo chake: "Chumba chenu cha watu wawili Ijumaa kiko tayari. Roshani inatazama mnara wa saa. Karibuni mji wa kale."

Mji wa kale! Vichochoro vya mawe, matao, mikahawa ambamo kwenye meza moja utasikia lugha tatu, jumba la makumbusho lenye magauni ya kina bibi wa zamani. Mumewe alishambembeleza waende mpaka akachoka, naye jibu lake lilikuwa lile lile: "Nitavaa nini mimi? Watu wa kule hata wakienda kununua mkate wamependeza."

Kumbe amempata wa kukubali.

Akampigia dada wa mumewe.

"Wifi, kaka yako ana mwanamke."

"Kaka yangu? Huyu mwenye vumbi la mbao masikioni?"

"Gauni lake ninalo mkononi. Pande la mtu!"

Kikasikika kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

"Wifi, unacheka?"

"Sicheki, wifi yangu. Muulize mwenyewe. Ila weka pasi mbali."

Mlango ukafunguliwa. Mumewe akaliona gauni, akaganda.

"Umeliona..."

"Nani huyu?"

"Mama Kidoti, ngoja..."

"Nilitaka kukusanya nguo zangu niondoke. Unajua nini? Hazijazi hata mfuko mmoja. Nashonea dunia nzima, na wewe unamshonea mwingine!"

"Ni lako."

"Usinichezee. Mimi ni fundi. Humo naingia mimi na dada yako juu!"

"Nilikupima mwenyewe."

"Lini?"

"Ile alfajiri. Ulikuwa umelala." Akajikuna kichwa. "Fundi wa mtaa wa pili alitaka vipimo. Nikampa, ila kila kimoja nikakiongeza."

"Ukakiongeza? Kwa nini?"

"Mbao huikati saizi kamili. Unaacha ya kupiga randa."

"Mimi ni mbao?"

"Likizidi utapunguza. Lingepungua tungeongeza na nini?"

Alijitahidi kubaki na hasira. Hakuweza. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi.

"Si ungeniuliza tu?"

"Ungeniambia 'nitavaa nini'. Nikaona nianze na gauni. Dada atakaa na Kidoti. Asubuhi kahawa kwenye roshani, halafu makumbusho, ukague mapindo ya kale mpaka walinzi watufukuze. Tangu tuoane hatujaenda popote, mke wangu. Twende."

"Na viatu?"

"Hivyo sikupima. Unatekenyeka nyayo, ungeamka."

Mama Kidoti akafuta uso kwa upande wa khanga, akavuta kiti cha cherehani.

"Haya, fundi wa randa. Nishikie pini."

Alifumua pembeni, akabana, akashona. Mumewe alisimama na pini kiganjani, ametulia kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Simu ya Mama Kidoti ikaleta ujumbe wa wifi: "Kaka yangu bado mzima?"

Akajibu: "Mzima. Ijumaa njoo ukae na Kidoti."

Alipolivaa tena, hariri ilimkaa kama maji.

Kidoti akatoka chumbani akiburuta mwanasesere. Akanyoosha kidole kuelekea hariri, akakumbuka, akakirudisha haraka mgongoni.

"Gusa, mwanangu," mama yake akamwambia.

Kidoti akashika pindo, akamtazama baba, akamtazama mama.

"Hii nguo ni ya mama."