Siku Sella Alipochukia Samaki

Sella Wabwire hakuwa na mazoea ya kuingilia biashara za watu. Lakini Jumamosi ile katika soko la Toi, akiwa amebanwa na umati kati ya rundo la mapazia na rundo la makoti, alimwona mwanamume mmoja mrefu akikubali kununua aproni ambayo mshono wake ulikuwa umeshaanza kuachia, na ulimi ukamshinda.

"Hiyo usinunue," alisema.

Mwanamume aligeuka. Shati lake la samawati lilikuwa limepigwa pasi vizuri, mikono yake imekunjwa hadi kwenye viwiko. Ngozi ya mikononi ilikuwa na alama ndogo ndogo nyeusi, kama za mtu anayerukiwa na mafuta ya moto kila siku.

"Kwa nini nisinunue?"

"Mshono umeachia. Ukiinama mara tatu inapasuka."

"Kwani wewe ni fundi?"

"Ni fundi. Niko Kawangware, steji ya 46. Kuja nikushonee ya maana."

Mwenye aproni akamwambia Sella aende akauzie maneno yake huko Kawangware. Yule mwanamume akacheka, akarudisha aproni kwenye rundo.

"Na nikifika nipate yako ni mbaya kuliko hii?"

"Fika kwanza."

Alifika Jumanne. Alifika tena Alhamisi kuchukua aproni, na Jumapili baada ya kanisa akafika bila kitu chochote cha kushonewa. Jina lake lilikuwa Nicanor Obonyo. Alikaanga samaki mtaa wa Raila, ndani ya Kibera, kwenye karai pana lililowekwa kando ya njia: mbuta, ngege, na ile mifupa yenye nyama kidogo ambayo watu huiita mgongo wazi. Siku alizofunga mapema alitembea mpaka Kawangware na samaki aliyefungwa kwenye gazeti.

"Jaber," angemwambia, yaani mrembo kwa lugha ya kwao, "anza na kichwa. Utamu wote uko hapo."

Sella alikuwa mtu wa Busia, na samaki hakuhitaji kufundishwa. Alimla mpaka mifupa ikabaki safi. Nicanor alisema hajawahi kuona mwanamke anayenyima paka namna hiyo. Miezi minane ikapita hivyo, kwa vicheko na kwa simu za asubuhi za kuulizana nani ameamka wa kwanza.

Kisha ikaja Jumatano moja ya Machi. Nicanor alifungua gazeti mezani, mvuke ukapanda, na mdomo wa Sella ukajaa mate. Alitoka mbio, akarudi amejifuta uso kwa kanga, akasema labda ni maharagwe aliyokula mchana.

Hayakuwa maharagwe. Wa kwanza kujua alikuwa Filister, mwenzake waliyeshirikiana kibanda cha kushonea, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Umekosa mwezi?" Filister aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Wiki moja sasa."

Filister akaweka mkasi chini. "Matiti?"

"Yanauma hata nikivaa blauzi. Na mdomo una ladha ya chuma. Jana nimelala juu ya mashine saa saba mchana, karibu nishone kidole."

"Mimi nilikuwa natema mate kutwa nzima, natembea na kikopo kama mzee wa ugoro. Sasa ni mawe." Alitoa mfukoni kipande cha yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni kwa wajawazito. "Nesi amenikataza, anasema yanamaliza damu. Nimepunguza. Kuacha bado. Umemwambia Nicanor?"

"Hapana. Na wewe usimwambie."

Sella alikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma, alipokuwa akiishi na mwanamume aitwaye Muchiri, mimba yake ilitoka ikiwa na wiki kumi. Siku ile Muchiri alimwuliza swali moja: "Kwani ulikula nini?" Akaliuliza tena kesho yake, na wiki iliyofuata, mpaka likawa ndilo neno pekee lililobaki kati yao. Alipoondoka alikuwa bado hajapata jibu, na Sella pia hakuwa nalo. Kwa hiyo safari hii aliapa kutosema kitu mpaka miezi mitatu ipite salama.

Shida ni kwamba chakula kilikataa kukaa. Kitunguu kikianza kukaangwa kwa jirani, yeye alitoka nje. Chai ya maziwa ilirudi, sukuma ilirudi, ugali ulirudi kabla haujafika. Kilichokubali ni viazi vya kuchemsha bila chumvi, uji wa wimbi uliopoa, na maembe mabichi. Kila alipotapika aliwaza mtoto amelala njaa tena.

Na kuliko vyote, samaki. Hata jina lake lilimgeuza tumbo.

"Nakuja jioni, babe," Nicanor alisema kwenye simu.

"Leo usikuje. Kuna uniform za shule nafaa kumaliza."

"Juzi pia ulikuwa na uniform."

"Shule ni mingi."

Wiki ya tatu ya visingizio hivyo, alikuja kibandani bila kupiga simu. Alikuwa amevaa shati lake la samawati, viatu vinang'aa, na hakubeba samaki. Lakini harufu ya mafuta ya karai ilikuwa imeingia kwenye nywele na kucha zake, nayo ilifika mlangoni kabla yake. Sella alirudi nyuma, mkono puani.

"Simama hapo hapo, tafadhali. Hiyo harufu."

"Harufu gani?"

"Yako."

Neno lilitoka kabla hajalipima. Nicanor alijitazama mikono. "Nimeoga mara mbili, Sella," alisema taratibu. Alimtazama Filister, aliyeinamia cherehani kama ambaye hayupo, kisha akasema sawa, akaondoka.

Siku nne hakupiga simu. Siku ya tano Sella alipiga yeye.

"Mimi ni mtu wa samaki," Nicanor alisema. "Ulinijua hivyo. Kama umepata mtu wa ofisi, niambie tu. Sitapiga kelele."

"Si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Alitaka kusema. Maneno yalikuwa pale pale. Lakini alisikia sauti ya Muchiri ikiuliza swali lake. Nicanor alingoja, kwa muda mrefu kuliko watu wengi wangengoja, kisha simu ikakatika.

Wiki hiyo hiyo mambo yakazidi. Siku mbili hata maji hayakukaa. Midomo ilimkauka, na aliposimama ukuta ulizunguka. Filister alifunga kibanda, akamshika kiuno, wakaenda polepole mpaka kliniki moja upande wa Riruta, mjamzito mmoja akimkokota mwenzake. Sella alilazwa kitandani, akatundikiwa maji ya mshipa.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka.

"Unaogopa nini?" alimwuliza.

"Mtoto. Hajakula siku mbili."

"Mtoto saa hii ni kama punje ya harage. Anachukua chake kutoka kwa mwili wako, wala hakuulizi. Anayetusumbua ni wewe. Kula kidogo kidogo, usingoje njaa. Kabla hujatoka kitandani tafuna kitu kikavu. Maji, kijiko kwa kijiko. Ukiona mkojo umekuwa mweusi, au umeshindwa tena kunywa, usikae nyumbani."

Sella alitazama matone yakishuka. Kisha akauliza lile ambalo hakuwahi kumwuliza mtu. "Kuna ingine ilitoka. Ilikuwa sababu ya chakula?"

"Hapana, mama. Nyingi zikitoka mapema ni vile zilivyoumbika tangu mwanzo. Si kitu ulikula, na si kitu hukukula."

Sella alilia kidogo, bila sauti. Nesi akamwacha alie, akabadilisha chupa.

"Baba ya mtoto ako wapi?"

"Kibera. Hajui."

"Sasa unangoja nani amwambie?"

Siku mbili baadaye, mchana, Sella alivaa gauni lake la kijani alilojishonea mwenyewe, akafunga kitambaa puani, akaenda Raila. Alipofika kwenye poshomili ya kusagia mahindi, hatua kama thelathini kutoka kwa karai la Nicanor, tumbo lilimwonya. Hakuthubutu kuongeza hata hatua moja. Akatoa simu.

Alimwona akiitazama, akisita, kisha akiiweka sikioni.

"Angalia huku kwa poshomili," Sella alisema.

Nicanor aliinua kichwa. "Mbona umesimama huko?"

"Siwezi kukaribia."

"Najua. Nanuka."

"Nicanor, nyamaza kwanza nimalize. Niko na mimba. Wiki nane na siku kadhaa. Tangu iingie, harufu ya samaki inataka kuniua. Si wewe. Hata Filister akila omena natoka nje. Juzi nimewekewa maji kliniki."

Nicanor alisimama na kijiko chake cha kugeuzia hewani. Wateja wanne walikuwa wakingoja, na mmoja wao, mama mmoja mwenye kikapu, akasema, "Nicanor, samaki inaungua."

"Wacha iungue." Kisha kwenye simu, kwa sauti iliyoshuka: "Mbona hukuniambia?"

Ndipo akamwambia habari za Muchiri, pale pale, watu wakipita kati yao na magunia ya mahindi. Alimweleza lile swali. "Niliogopa itatoka," alimalizia, "halafu wewe pia uniulize nilikula nini."

Nicanor alishusha kile kijiko.

"Sella, mimi nitakuuliza kama umekula. Hiyo tu."

Alimwona akijifuta macho kwa mkono wa shati, kisha akigeuka kuondoa samaki motoni.

"Na umekula?" aliuliza.

"Kiazi kimoja."

"Rudi nyumbani pole pole. Nakuja, lakini nipe saa mbili. Nataka kujisugua."

Tangu siku hiyo Nicanor aliweka nguo zake safi kwa dada yake, Adhis, nyumba kumi mbali na karai. Kila alipofunga alijisugua kwa sabuni ya kufulia na ndimu, hata nywele akazinyoa zote. Alifika Kawangware ananuka kama sahani iliyooshwa. Sella alimnusa shingoni kwa tahadhari, kisha akamruhusu kuketi. Nicanor ndiye aliyewasha jiko. Alimpikia ndengu bila kitunguu, ndizi za kuchemsha, na biskuti kavu aliziweka karibu na mto ili asubuhi mkono wake uzipate kabla ya macho. Saa nne alipiga simu, saa sita akapiga tena.

"Umekula?"

"Nusu ndizi."

"Imekaa?"

"Imekaa. Wacha kunisumbua, mpenzi, nashona."

Wiki ya kumi ilipofika Sella hakulala. Wala Nicanor hakulala, ingawa alijifanya mgumu. Alikuwa amekonda. Samaki wake mwenyewe walikuwa wameanza kumchefua, na Jumapili moja alitapika chai yote nyuma ya nyumba. Sella ndiye aliyemsugua mgongo na kumpa maji kijiko kwa kijiko, vile alivyofundishwa.

"Kati yetu wawili," alimwuliza, "nani mjamzito?"

"Usiambie Filister."

Filister alijua siku hiyo hiyo, akacheka mpaka akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

Wiki ya kumi ikapita. Ya kumi na moja ikapita, na ya kumi na mbili. Asubuhi moja Sella aliamka akataka ugali, akaula, ukakaa.

Wiki ya kumi na nne walirudi Riruta pamoja. Benchi lilikuwa limejaa wanawake wenye vitabu vya kliniki, na Nicanor alikuwa mwanamume peke yake, kofia magotini. Walipoitwa, nesi alisikiliza tumbo kwa kile kifaa chake, akakisogeza huku na huku, kisha chumba kikajaa mlio wa moyo, wa haraka haraka. Sella alimshika Nicanor kidole gumba. Nesi akazima, akavuta kitabu kipya.

"Jina?"

"Sella Wabwire."

"Umeolewa?"

"Bado," alisema Sella.

"Andika ameolewa," alisema Nicanor.

Nesi aliwatazama kwa zamu. "Niandike gani?"

"Hujaniuliza," Sella alimwambia Nicanor.

"Nakuuliza sasa. Mwezi ujao twende Busia nimwone mzee wako. Adhis amekubali kuja."

"Na karai?"

"Litakaa Kibera. Mimi nitakuwa nakuja kwako nimeoga."

Mlango ulikuwa wazi, na wanawake wa benchi walikuwa wamegeuza shingo kusikiliza. Sella alimtazama, kichwa chake kipara, masikio yaliyojitokeza, macho ya mtu asiyelala vizuri tangu Aprili.

"Andika nimeolewa," alimwambia nesi. "Lakini kwa penseli, mpaka afike kwa baba."

"Hapa hatuna penseli," alisema nesi, akaandika.